Mstari wa pili kwenye kipimo cha homa ya ini C: kaka yangu afanye nini sasa?

Swali: Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Likoni, Mombasa. Kaka yangu ana miaka 34. Alijidunga unga (heroini) kwa miaka sita, na sasa yuko mwaka wa pili kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga. Mwezi uliopita walimtoboa kidole kliniki, ukatokea mstari wa pili, akaambiwa ana homa ya ini C na arudi kwa kipimo kingine. Hajarudi. Anasema ugonjwa huu hauna dawa, na mwenzake mmoja alikufa tumbo limejaa maji. Mama ameshamtengea sahani na kikombe. Tena tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, natakiwa nisimame mbele ya watu mtaani niwaeleze ugonjwa huu. Nianzie wapi?

Jibu:

Dada, anza na lile jepesi. Mwambie mama arudishe sahani na kikombe kabatini pamoja na vya wengine. Homa ya ini C hupita kwa damu. Haipiti kwa mate, jasho, chakula, kukumbatiana, choo cha pamoja wala kwa mbu. Mtu anayelishwa pembeni nyumbani kwao ni vigumu kumshawishi arudi kliniki, na kurudi kliniki ndiyo kazi iliyo mbele yetu.

Kwa maelezo uliyotoa, bado haijulikani kama kaka yako anaumwa. Kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, yaani ulinzi ambao mwili huunda ukikutana na kirusi. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, hata kirusi chenyewe kikiwa kimeondoka zamani. Mstari ule wa pili unasema jambo moja tu: wakati fulani damu yake ilikutana na kirusi cha C. Kama bado kimo, haujui. Kati ya watu 100 walioambukizwa, takriban 30 hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Kwa hiyo aliyemwambia "una homa ya ini C" alisema mapema mno. Kauli iliyostahili ni hii: "Uliwahi kukutana nacho; sasa tupime kama bado unacho."

Misri imelionyesha jambo hili kwa hesabu kubwa kuliko nchi yoyote. Huko kirusi kilienea sana kwa sababu, kuanzia miaka ya 1950 hadi mapema miaka ya 1980, watu wa vijijini walidungwa sindano za kutibu kichocho, na sindano zile za kioo zilitumika kwa mtu huyu na yule bila kuchemshwa ipasavyo. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 serikali ikapima karibu watu wazima milioni 50. Kati ya wale walioonekana na kingamwili na kupimwa mara ya pili, karibu robo hawakuwa na kirusi. Hebu fikiria robo ya watu hao wangeachwa na neno la kipimo cha kwanza tu, wakaishi na hofu na kutengewa vyombo kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Na ile robo tatu nyingine ingekaa na kirusi kinachotibika kwa vidonge.

Kipimo cha pili kinatafuta kirusi chenyewe. Kliniki nyingi watakiita "wingi wa virusi", jina lilelile linalotumika kwa watu wanaoishi na HIV, kwa hiyo kaka aseme wazi "wingi wa virusi vya homa ya ini C", la sivyo anaweza kurudi na karatasi ya kipimo kingine. Kwa kawaida huchukuliwa damu ya mshipa, mililita nne au tano, kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Maabara huizungusha kwenye mashine ili kutenga utegili, yaani majimaji ya damu, kisha utegili huo huingia kwenye mashine ya kupimia. Ile mashine ya GeneXpert inayotumika kupima kifua kikuu inaweza kufanya kazi hii na kutoa jibu chini ya saa mbili.

Hapa ndipo mambo hukwama. Mashine inaweza kuwepo, lakini katriji ya kupimia C, yaani kile kichupa cha plastiki kinachoingizwa na damu ndani ya mashine, ni tofauti na ile ya kifua kikuu, na ya C ndiyo inayokosekana. Msimpeleke kaka safari ya bure: pigeni simu kwanza, muulize "katriji za homa ya ini C zipo wiki hii?" Kikwazo kingine ni mishipa. Mtu aliyejidunga miaka sita mara nyingi mishipa ya mikono imekufa, na akitobolewa mara nne bila damu kutoka, atavaa shati aondoke. Siku hiyo anywe maji mengi tangu asubuhi, mkono uwekwe kitambaa chenye joto kwa dakika tano, na yeye mwenyewe aulizwe mshipa gani unatoa, maana anaujua kuliko muuguzi. Ikishindikana kabisa, ipo katriji ya aina nyingine inayotumia damu ya kidole, na jibu lake hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Ipo pia njia ya kudondosha damu kwenye karatasi maalumu, ikakauka na kupelekwa maabara.

Jibu likisema kirusi hakionekani, hana ugonjwa huu. Kama katika miezi ya karibuni amechangia sindano na mtu, arudie baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha mambo yamekwisha. Asipimwe tena kingamwili, kwa sababu zitaonekana miaka yote na zitamtisha upya.

Likisema kirusi kipo, kabla ya dawa kuna mambo machache ya kuangaliwa, na hakuna hata moja linalohitaji kukata kipande cha ini. Kwanza ni hali ya ini. Daktari ataomba kipimo cha AST, kimeng'enya kinachopanda ini likiumia, na hesabu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kisha atapiga hesabu ya APRI: AST ya mgonjwa hugawanywa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, jibu huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa chembe sahani. Tuseme AST yake ni 80, kiwango cha juu cha maabara ni 40, chembe sahani ni 150 (yaani 150,000 kwa mikrolita). Themanini kwa arobaini ni 2, mara 100 ni 200, gawanya kwa 150, unapata 1.33. Jibu likizidi 2, ini huenda limeshakuwa na makovu ya kulisinyaza. Nakupa hesabu hii kwa sababu unaweza kuipiga kwa simu yako, na kwa sababu wapo wanaotumwa kutafuta vipimo vya bei kubwa kabla ya kuanza dawa wakati karatasi mbili za maabara ya kawaida zingetosha kuanzia.

Pili ni homa ya ini B. Hili lisirukwe kabisa. Mtu akiwa na B na C pamoja, C hukandamiza B. Dawa ikiiondoa C, B inaweza kuamka kwa nguvu na kuliunguza ini. Apimwe B, na akionekana hana na hajawahi kuchanjwa, achanjwe. Chanjo ya B ipo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Ya C hakuna, na watu wengi huchanganya hizi mbili: anayesema "mimi nilichanjwa homa ya ini" alichanjwa B.

Tatu ni dawa nyingine anazotumia, na hapa aseme kila kitu, pamoja na za mitishamba. Methadoni haigombani na dawa za C. ARV zenye dolutegravir nazo ni sawa. Lakini rifampicin ya kifua kikuu hushusha dawa za C mwilini hadi zisifanye kazi, kwa hiyo kifua kikuu humalizwa kwanza. Dawa za kifafa za carbamazepine na phenytoin ni vivyo hivyo, hubadilishwa kabla. Anayetumia efavirenz, ambayo ni ARV nyingine, huongezewa dozi ya daclatasvir, moja ya dawa za C, kutoka miligramu 60 hadi 90. Na amiodarone ya moyo ikikutana na sofosbuvir, dawa nyingine ya C, mapigo ya moyo yanaweza kushuka hadi kuua.

Sasa dawa yenyewe. Mchanganyiko unaotumika sana katika nchi zetu ni sofosbuvir miligramu 400 na daclatasvir miligramu 60, mara moja kwa siku, kwa wiki 12. Ini likiwa na makovu, muda mara nyingi huongezwa hadi wiki 24. Pengine atapewa sofosbuvir na velpatasvir katika kidonge kimoja, nayo ni wiki 12. Wanaopona ni zaidi ya 95 kwa kila 100. Nami nasema kupona kwa maana kamili ya neno: kirusi hutoka mwilini, hakijifichi kama cha HIV au cha homa ya ini B.

Kaka yako anaposema hauna dawa, hajatunga. Kirusi hiki kilitambuliwa 1989, na kwa zaidi ya miaka ishirini matibabu yalikuwa sindano za interferon, wiki 24 hadi 48 za homa, maumivu na huzuni nzito, na karibu nusu ya waliovumilia hawakupona. Sofosbuvir ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kidonge kimoja. Neno la zama zile ndilo bado linazunguka vijiweni. Tangu viwanda vya India viruhusiwe kutengeneza dawa hizi, bei imeporomoka. Shirika la Afya Duniani linasema nchi za kipato cha chini na cha kati zinaweza kuzinunua kwa takriban dola 60 kwa dozi nzima. Hiyo ni bei ya manunuzi ya nchi. Ya kaunta ya duka la dawa ni nyingine. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kliniki ile ile ya methadoni. Waulizeni hospitali gani ya rufaa inatoa dawa za C na kama kuna mpango unaozilipia. Msinunue vidonge mtandaoni, hata muuzaji akionyesha picha nzuri ya kopo.

Methadoni inampa kaka yako nafasi nzuri kuliko watu wengi. Kila asubuhi anafika dirishani. Kliniki ikikubali, kidonge cha C kinamezwa pale pale baada ya kikombe cha methadoni, na hakuna siku inayosahaulika. Na mtu yeyote asimwambie kwamba lazima kwanza aache unga kabisa ndipo atibiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauweki sharti hilo; anayejidunga bado anastahili dawa, na akipona hamwambukizi mwenzake.

Kidonge humezwa kizima, na chakula au bila chakula. Akisahau na akakumbuka kabla ya saa 18 kupita, ameze; zikipita, angoje cha kesho, asimeze viwili kwa pamoja. Akitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza (saa tatu kama dawa yake ina velpatasvir), ameze kingine. Kama dawa yake ina velpatasvir, aepuke omeprazole ya vidonda vya tumbo, na dawa za kutuliza kiungulia zitenganishwe nayo kwa saa nne, kwa sababu velpatasvir inahitaji tindikali ya tumbo ili iingie mwilini. Maudhi ni madogo: kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu, usingizi kupungua. Kwa miezi hiyo, na ikiwezekana baada yake, asinywe pombe kabisa, maana pombe na kirusi hiki huliharibu ini mara mbili. Mizizi ya "kusafisha ini" aiache pia. Nyingine zenyewe zinaliumiza.

Kosa linalofanywa sana ni kudhani kazi imekwisha kopo likiisha. Mgonjwa anajisikia vizuri, harudi. Lakini kupona huthibitishwa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, kwa kipimo kile kile cha wingi wa virusi. Kwa Afrika hili lina uzito wake. Zipo aina ndogo za kirusi zinazoonekana zaidi barani kwetu na ambazo hukaidi baadhi ya dawa. Katika utafiti uliofanywa Rwanda kwa mchanganyiko mwingine wa dawa za C, ledipasvir na sofosbuvir, waliopona walikuwa 87 kwa 100, lakini wenye aina iitwayo 4r walikuwa 56 tu kwa 100. Asiyepona hupewa mchanganyiko mwingine wenye nguvu zaidi, wa sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, na wengi sana hupona. Ila asiyerudi kupimwa hatajua.

Rafiki yake aliyekufa tumbo limejaa maji huenda alikuwa na ini lililosinyaa. Kati ya wanaoishi na kirusi, 15 hadi 30 kwa 100 hufika huko ndani ya miaka 20, kimya kimya, kwa sababu wengi hawaumwi kitu chochote mwanzoni. Kaka akionyesha macho ya njano, tumbo kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami au kuchanganyikiwa, hayo si ya kungoja miadi. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Na ambaye ini lake limeshapata makovu, hata akipona C, apigwe picha ya ini kila baada ya miezi sita, kwa kuwa hatari ya saratani hupungua lakini haiishi.

Nyumbani vitenganisheni vile vinavyogusa damu: wembe, mashine ya kunyolea, mkasi wa kucha, mswaki. Damu ikimwagika, vaa glavu, mwagia jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, acha dakika kumi, futa. Basi.

Na kupona hakumkingi. Akidungwa tena kwa sindano yenye damu ya mtu, ataambukizwa upya. Wengi wanajua kutochangia sindano, lakini wanachangia kijiko cha kupikia, pamba ya kuchujia na maji ya kusuuzia. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa, na kusuuza kwa maji hakukiondoi. Kama siku moja atateleza, awe na bomba, kijiko, pamba na maji yake mwenyewe. Mwambie hivyo bila kumhukumu. Akiona haya kwako, atakwenda kwa mwenye bomba moja.

Kuhusu mtaa. Najua unatamani kupima kila anayepita mbele ya hema. Kwa C nakushauri usifanye hivyo, na sababu ni hesabu. Kwa watu wa kawaida Kenya, wenye C hawafiki mmoja kwa 100. Tuseme unapima watu 1,000, watano wanacho kweli, na kipimo chako kinakosea mara moja kwa kila 100 wasionacho. Utapata majibu 15 yenye mistari miwili, na 10 kati yao si ya kweli. Umewatia hofu watu kumi na familia zao. Lakini peleka vipimo hivyo hivyo mahali watu wanapojidunga au wanapokunywa methadoni, kwa wanaosafishwa figo, kwa wanaoishi na HIV, kwa waliowahi kuongezewa damu zamani kabla haijaanza kupimwa, kwa waliochanjwa chale au kutahiriwa kwa wembe uliopita mikono mingi, na kwa watoto wa mama mwenye C. Huko kila mstari wa pili una maana.

Kama mtapima, vipimo visikae juani. Vingi vinataka joto lisizidi digrii 30, na ndani ya hema la turubai Mombasa saa saba mchana joto hupita hapo. Tumieni kisanduku cha baridi, ila vipimo visigusane na barafu. Kidole kipanguswe kwa spiriti kikauke, tone la kwanza lifutwe, la pili ndilo lichukuliwe. Someni jibu kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, msisome baada ya hapo. Mstari hafifu unahesabika kuwa mstari. Mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika, rudieni kwa kingine. Na waelezeni watu kwamba herufi C kwenye kile kibao ina maana ya mstari wa kuhakiki, haina uhusiano na homa ya ini C. Nimeona ni vyema kulisema, kwa sababu mtu akiona mstari mmoja kando ya C huweza kudhani ndiyo ameupata.

Na jambo la kupigania na mratibu wenu kabla ya siku yenyewe: mwenye mistari miwili atolewe damu ya kipimo cha pili hapo hapo, kabla hajainuka kwenye kiti. Asiambiwe "rudi". Duniani, kufikia 2022, kati ya watu walioishi na C ni 36 kwa 100 tu waliojua wanacho, na 20 kwa 100 tu walikuwa wametibiwa. Wengi hupotea katika ile safari ya "rudi", kama kaka yako alivyopotea mwezi uliopita.

Mama mjamzito akiuliza: mtoto huambukizwa mara chache, kama sita kwa 100, karibu mara mbili ya hapo mama akiwa pia na HIV. Dawa kwa kawaida husubiri hadi ajifungue. Kunyonyesha anaruhusiwa, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoka damu. Mtoto apimwe kingamwili akishatimiza miezi 18, maana kabla ya hapo anaweza kuwa na za mama.

Kwa kaka, nenda naye mwenyewe asubuhi moja anapokwenda kunywa methadoni. Usingoje tarehe 28. Akianza dawa, andika tarehe nyuma ya kadi yake. Kwa mfano, akimeza cha kwanza tarehe 4 Agosti, cha 84 atakimeza tarehe 26 Oktoba, na kipimo cha kuthibitisha kupona hakifanywi kabla ya tarehe 18 Januari. Tarehe hiyo ya tatu ipigie mstari, na uiweke kwenye simu yako pia.